Geji Zimepona, Mimi Nimeumbuka

Sehemu ya sita

Kwa uliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, habari ni fupi. Mimi ni Nandu Gadre, karani wa duka la vitabu vya shule hapa Pune, mume wa Vrinda, baba wa Ovi mwenye miaka saba. Miezi mitatu nyuma nilinunua skuta iliyotumika kutoka kwa postamasta mstaafu, mtu mpole, aliyeniapia kwamba alikuwa akiiendesha kwenda hekaluni na kurudi tu. Hakuniambia kwamba geji ya mafuta ilikuwa imekwama kwenye nusu tangi, tangi liwe limejaa au limekauka.

Nikawaungamia pia kwamba geji ile mbovu ilikuwa imenifaa sana.

Kila Jumanne na Alhamisi nilichelewa kurudi nyumbani saa mbili nzima. Nikiulizwa, nilisema mafuta yameniishia, geji imenidanganya, nimesukuma skuta kutoka Swargate. Wiki nyingine nilisingizia fyuzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa kwenye mazoezi ya mchezo wa kuigiza.

Wenzangu wanawaficha wake zao pombe. Mimi nilikuwa nikificha maneno ya Daktari Sane, mhusika wangu, kurasa kumi na nne, ndani ya soksi za majira ya baridi.

Nilificha kwa sababu ya kiapo. Ovi alizaliwa nikiwa jukwaani, simu imezimwa. Nilifika hospitali nimevaa sare ya polisi ya kuigizia na masharubu ya gundi, muuguzi akadhani nimekuja kumkamata mtu. Vrinda alikuwa ameshajifungua, mama yake tu kando yake. Hakunigombeza. Aliushika mkono wangu akauweka juu ya kichwa cha mtoto, akaniambia niape kwamba jukwaa basi.

Niliapa, na nikakishika kiapo miaka saba kasoro miezi miwili.

Tuliishia pale mezani, Ijumaa, mama mkwe wangu alipoweka kijiko chini na kusema, "Mkwe, kesho hiyo skuta nitaiangalia mwenyewe."

Mama Kamalini amekuja kutoka Nashik kukaa nasi. Kabla ya kustaafu alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha geji. Hakuwa mfagiaji wala karani. Alikaa kwenye meza ya ukaguzi, na kilichopita mikononi mwake kikiwa kibovu kilirudi kilikotoka.

Sasa endelea nami.

*

Asubuhi nilijaribu kujiokoa.

"Mama, usijisumbue. Fundi Javed ataiona Jumatatu."

"Javed ni mtu wa injini," akasema. "Geji haitaki nyundo."

Akateremka hadi maegesho ya chini ya jengo letu na kigoda cha plastiki, bisibisi mbili, koleo, kipande cha msasa, na kibalbu chenye waya mbili alichokitoa kwenye begi lake la nguo. Sijui mwanamke mwingine anayesafiri na balbu ya kupimia umeme. Akachomeka pindo la sari kiunoni, akaketi mbele ya skuta.

Vrinda na Ovi wakaja kutazama. Kwa Ovi ilikuwa kama sinema.

"Fungua swichi," Mama akaniamuru. "Injini usiiwashe."

Nikafungua. Sindano ya mafuta ikasimama nusu.

"Piga honi."

Nikapiga. Sindano ikaruka juu.

"Bana breki."

Sindano ikaanguka chini.

"Washa indiketa."

Sindano ikaanza kwenda na kurudi, pamoja na taa.

"Bibi, inacheza," akasema Ovi.

"Inacheza kwa sababu ethi yake mbovu." Alishafungua bamba la mbele na kuingiza kidole ndani. "Umeme ukitoka kwenye honi, kwenye taa, kwenye geji, wote unarudi betri kwa kupitia waya mmoja uliofungwa kwenye chuma cha bodi. Huo waya ukishika kutu, umeme unapita kwa jirani. Unapiga honi, geji inaitikia."

Akaukuta waya. Mwisho wake ulikuwa umeota ukungu wa kijani, na bolti yake imeiva kwa kutu. Akaufungua, akausugua kwa msasa, akaisugua na bolti, akafunga tena na kukaza.

"Honi."

Nikapiga. Sindano haikutikisika.

Vrinda alisimama na kikombe chake cha chai, ananitazama kwa huruma. "Waya mmoja tu? Miezi yote hii mume wangu anasukuma chuma barabarani kwa sababu ya waya mmoja?"

Nikatazama miguu yangu.

Lakini nilikuwa na tumaini. Sindano ilikuwa imetulia, ndiyo, ila ilitulia pale pale, nusu, na tangi lilikuwa karibu tupu. Nilijua kwa sababu jana yake, kwa mara ya kwanza katika miezi miwili, mafuta yaliniishia kweli, nikatia lita moja tu.

"Basi Mama," nikasema, "umefanya kazi kubwa. Inaonekana geji yenyewe imekufa. Tukanywe chai."

"Kaa chini, mkwe."

Nikakaa.

Akanyanyua kiti cha skuta. Tangi liko chini yake, na juu ya tangi kuna kifuniko kidogo chenye waya. Akauchomoa ule waya. Huko mbele sindano ikalala kwenye sifuri. Akaugusisha kwenye bodi. Sindano ikapanda taratibu hadi mwisho.

"Umeona?"

"Nimeona nini, Mama?"

"Geji nzima. Waya mzima. Mbovu yuko ndani ya tangi."

Alifungua kifuniko akakitoa na kijimkono chake, kijiti chembamba cha chuma chenye boya mwishoni. Mafuta yakipanda, boya linapaswa kupanda, yakishuka lishuke nayo. La kwetu lilikuwa limejipinda likakumbatia ukuta wa tangi, haliwezi kwenda popote.

"Mtu alichokoa tangi kwa kijiti apime mafuta," Mama akasema. "Akalipinda. Huyo postamasta wako alikuwa akijua."

"Mtu wa hekaluni yule, Mama."

"Hata huko wanafika wa kila aina."

Akalinyoosha kwa koleo, polepole, akalipandisha na kulishusha kwa kidole mara tano, sita, akalirudisha. Nikafungua swichi. Sindano ikashuka, ikashuka, ikasimama juu kidogo ya alama nyekundu, palepale ilipostahili.

Vrinda akapiga makofi. Akaja akaniwekea mkono begani.

"Leo ndiyo mwisho wa kusukuma, Baba Ovi," akasema. "Jumanne utakuwa nyumbani mapema. Nitakupikia viazi vile unavyovipenda."

Niliinama kutafuta skrubu ambayo haikuwa imeanguka.

*

"Sasa hii nyingine," akasema Mama, na bisibisi yake ikagonga kioo cha spidomita.

"Hiyo iache. Tumezoea."

"Nilipofika ilikuwa nzima."

"Ikafa, Mama. Skuta imezeeka."

"Tutaona imekufa kwa nini."

Hapa inanibidi niungame tena, na hili sikuligusia wiki iliyopita kwa aibu. Spidomita haikufa. Niliiua.

Wiki ya kwanza baada ya Mama kuja, nilimkuta amesimama kando ya skuta anasoma namba za kilomita. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema hatafuti kitu, ni mazoea ya kazi. Kesho yake akasoma tena. Mwanamke huyo kichwa chake hakisahau namba. Nikaanza kukosa usingizi. Ofisi yangu iko kilomita nne, kwenda na kurudi nane. Ukumbi wa mazoezi uko Kothrud. Mtoto wa darasa la pili angeweza kutoa hesabu ile.

Ndipo Jumanne moja nikaufungua kwa vidole ule mkia wa kebo kwenye gurudumu la mbele. Kebo ikilegea pale, sindano ya mwendo inalala na namba za kilomita zinasimama.

Sasa Mama alikuwa akilizungusha gurudumu la mbele kwa mkono huku akitazama kioo. Hakuna kitu. Akaifuata kebo kutoka juu kuja chini, akiipapasa kama mtu anayetafuta mshipa. Akafika kwenye gurudumu. Akasimama.

Akaishika ile nati kwa vidole viwili. Ikazunguka kirahisi.

Hakunitazama. "Vrinda, mwanangu," akasema, "mpeleke mtoto juu akaoge. Na chai hii imepoa."

Vrinda akapanda na Ovi. Mama akakaza nati, akazungusha gurudumu, sindano ikainuka. Akafuta mikono.

"Leta funguo. Twende tukaijaribu barabarani."

"Mimi na wewe?"

"Nani mwingine anajua kuisoma?"

*

Alikaa nyuma yangu kwa upande, mkono mmoja umenishika bega, na kidevu chake kimepita juu ya bega langu la pili ili aione spidomita. Tukaingia Tilak Road.

"Thelathini," akasoma. "Nzuri. Sindano imetulia."

"Umefanya kazi nzuri, Mama."

"Ile nati haikulegea kwa mtikisiko, mkwe."

"Huenda ni mashimo. Barabara zetu unazijua."

"Arobaini na mbili."

"Unasemaje?"

"Ulikuwa thelathini. Nimetaja nati, umefika arobaini na mbili."

Nikalegeza mkono. Bajaji mbili zikatupita, dereva mmoja akatutazama kwa huruma.

"Nilipokuja," akaendelea, karibu kabisa na sikio langu, "skuta hii ilitembea kilomita nane kila siku. Jumanne na Alhamisi kumi na tano. Halafu ghafla ikaacha kuhesabu."

"Ni foleni, Mama. Siku hizo huwa nazunguka kwa nyuma."

"Hamsini."

Nikapunguza tena.

"Anaitwa nani?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo wa Jumanne na Alhamisi. Hamsini na nane, mkwe, na mbele yako kuna basi."

Nilibana breki zote mbili. Tukasimama hatua mbili nyuma ya basi, kando ya kibanda cha maji ya miwa. Mama akateremka, akajitengeneza sari, akaagiza glasi mbili. Akaketi kwenye benchi akaninyooshea yangu.

"Hakuna mwanamke, Mama," nikasema.

"Mwanamke ningejua la kufanya. Sema."

Nikasema. Nilianza na Jayant, rafiki yangu wa zamani, kiongozi wa kikundi, aliyenipigia simu miezi miwili nyuma kusema mwigizaji wake amehamia Nagpur na mashindano yamekaribia. Nikasema nilikwenda siku ya kwanza kumweleza tu kwamba siwezi. Nikasema walinipa karatasi nisome ukurasa mmoja, na nilipomaliza nilikuwa nimesimama, na sikukumbuka nilisimama saa ngapi. Onyesho ni Jumapili ijayo.

Alikunywa glasi yake yote kabla ya kujibu.

"Unaigiza nani?"

"Daktari anayeogopa damu."

"Anapona?"

"Sehemu ya pili."

Akatikisa kichwa taratibu. Sikuweza kujua kama ananicheka.

"Siku ile Ovi anazaliwa," akasema, "Vrinda alikuita mpaka sauti ikamkauka. Nilimwambia upo njiani, umekwama kwenye foleni. Nilijua uko wapi. Katika maisha yangu ule ndio uongo pekee niliowahi kusema, nikausema kwa ajili yako."

Niliiweka glasi yangu kwenye benchi.

"Sitasema wa pili," akasema. "Utamwambia mwenyewe, leo, kabla ya chakula cha mchana. Usipomwambia, jioni napanda basi la Nashik. Na akiniuliza kwa nini naondoka, nitamjibu."

Njia nzima ya kurudi niliendesha ishirini na tano. Mama hakusoma namba tena.

*

Vrinda alitufungulia mlango amevaa sari ya kijani, ile ya sikukuu, na alikuwa na uso wa mtu anayeficha zawadi.

"Imepita?" akauliza.

"Imepita," Mama akasema, akaenda zake jikoni. Aliacha mlango wazi.

"Vrinda," nikaanza, "nina neno la kukwambia."

"Na mimi ninalo. Niache nianze, nimelishikilia tangu jana."

Ningesema hapana. Ningesema langu kwanza. Nikasema, "Anza."

Vrinda anapokea wagonjwa kwa daktari wa meno. Akatoa kadi mbili kwenye mkoba. "Kuna mgonjwa wetu ametupa hizi. Viti vya mbele. Ni mchezo wa kuigiza, Jumapili ijayo."

Nikaitazama kadi. Sikuhitaji kusoma jina la mchezo.

"Najua utashangaa," akasema. Alikuwa akizikunja na kuzikunjua pembe za kadi. "Miaka saba hatujaingia ukumbini hata kama watazamaji. Nilikunyima kitu ulichokipenda, na hujawahi kunilalamikia hata siku moja. Nakuona unavyopita mabango ya michezo ukitazama upande mwingine. Nikasema, mtu aliyeshika neno lake hivi, nimkalishe nami kiti cha mbele, tucheke pamoja. Labda baada ya hapo tuzungumze upya kuhusu kile kiapo. Basi. Sema lako."

Jikoni sufuria zilikuwa kimya.

Nimesimama mbele ya kumbi zilizojaa. Nimesahau maneno jukwaani nikayatunga papo hapo na watu wakapiga makofi. Pale sebuleni kwangu ulimi ulikuwa kama kipande cha gome.

"Vrinda," nikasema, "Jumapili sitaweza kukaa kando yako."

"Una kazi?"

"Geuza kadi."

Akageuza. Nyuma waliandika majina ya waigizaji. Kidole chake kikateremka jina baada ya jina, kikafika kwa Daktari Sane, kikasogea upande wa kulia, kikasimama.

Alisoma jina langu kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

"Jumanne na Alhamisi," akasema.

"Ndiyo."

"Na mafuta?"

"Mara moja tu yaliisha kweli."

"Nilikuwa nakukanda miguu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Unarudi umesukuma skuta, nakuchemshia maji ya chumvi, nakukanda miguu."



"Mama," akaita bila kugeuka. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu saa nne na nusu ya leo," Mama akajibu kutoka jikoni.

Vrinda akaziweka kadi kwenye mkoba. "Mazoezi yenu mnafanyia wapi?"

"Ukumbi wa shule ya wasichana, Kothrud."

"Sasa hivi wapo watu?"

"Wapo. Wanapaka rangi jukwaa. Vrinda, ngoja, tuzungumze."

"Mkubwa wenu bado ni Jayant?"

"Bado ni Jayant."

Akatwaa funguo za skuta mezani. Vrinda ndiye aliyenifundisha kuendesha, tukiwa wachumba, na anaendesha kunizidi. Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi, kisha skuta ikawaka mara moja. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, tukasimama dirishani pamoja. Kulia ni njia ya kwa kaka yake, akienda huko hurudi jioni ameshatulia. Kushoto ni Kothrud.

Akakata kushoto.

"Mwache aende," Mama akasema. "Umeshasema kweli. Atamgombeza huyo Jayant, hasira zitashuka, atarudi. Njoo ule."

Nilibaki nimeshika nondo za dirisha.

"Mkwe? Kuna nini tena?"

Wasomaji wangu, nilidhani siku ile ningekuwa nimemaliza kuungama. Kulikuwa na jambo moja limebaki, na sikumwambia Mama pale kwenye maji ya miwa kwa sababu hakuniuliza.

Jayant alitaka mazoezi kila siku, na kila mara hadi usiku. Mimi ilinibidi niondoke saa mbili kamili, na siku zisizo Jumanne wala Alhamisi nisionekane kabisa. Mtu hawezi kupewa nafasi kubwa kwenye mchezo halafu aondoke mapema bila sababu nzito. Kwa hiyo niliwapa sababu nzito. Niliwaambia mke wangu ni mgonjwa sana. Niliwaambia hawezi kuinuka kitandani, na madaktari wameshaacha kutaja miezi, sasa wanataja wiki.

Wale ni watu wema. Kila mazoezi yanaanza kwa kusimama dakika moja kumwombea Vrinda. Na Alhamisi Jayant alinionyesha, machozi yakimlengalenga, picha kubwa ya Vrinda waliyoichapisha kutoka kwenye picha yetu ya harusi, ili waitundike mlangoni siku ya onyesho. Leo walikuwa wakiijaribisha ukutani.

Nilimweleza Mama yote hayo kwa pumzi moja.

Aliutazama mwiko wake, akautazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Wameitia shada la maua?" akauliza. Kwetu picha ya mtu huvishwa shada mwenyewe akishakufa.

"Jayant alisema atanunua leo asubuhi."

Mama mkwe wangu, ambaye katika miaka ishirini na sita ya meza ya ukaguzi hakuwahi kupandisha sauti, aliufungua mlango kwa mikono miwili.

"Kimbia, mkwe," akasema. "Viatu utavaa kwenye bajaji."